Kanuni ya Tisa

Injini ilitoka kwenye pikipiki ya jeshi
iliyorudi Nakuru kutoka Habeshi
na tundu la risasi kwenye tangi.
Tundu tuliliziba kwa senti kumi,
na senti kumi nayo ina tundu,
tukaliziba hilo pia.

Mnyororo, wa kinu cha posho cha Njoro, kwa kuazima.
Usukani, wa Austin ya daktari wa ng'ombe
iliyolala chali kwenye kona ya Molo.
Kiti ni gunia la pareto, halikukung'utwa vizuri,
kwa hiyo dereva alipiga chafya kila kona
mpaka mwisho wa maisha ya lile gari.

Bakhtawar Singh, mchomeleaji wa karakana ya reli,
alipewa Jumapili moja kwa wiki kama sisi wote.
Mimi Amugune nilishika taa.
"Leta nusu. Leta robo tatu. Hapana, tatu-kwa-nane!"
Hesabu ya sehemu nilijifunzia chini ya gari,
oili ikinidondokea sikioni.

Tulilipima kwenye mizani ya ngano, ghala la stesheni:
magunia matatu na kitu.
Karani, kwa kuwa kitabu kilitaka neno, akaandika
*Ngano, daraja la pili.*
Bakhtawar akacheka hadi kilemba kikalegea:
"Hata treni inanipa hilo hilo!"
Mimi, msafiri wa la tatu, nilicheka kidogo.
Ndipo tukaliita Ngano.

Usiku wa Jumamosi, barabara ya Njoro tupu,
alishika saa, akanisukumia usukani.
"Wewe mwepesi. Mimi gunia la nne."
Kipande changu, kwenye mkebe wake shingoni,
kilinigonga kidevu kila shimo.
Sikuliona shimo hata moja.
Nililiona giza likinipisha,
kama watu wanavyompisha mtu mwenye barua.

Siku yenyewe: uwanja wa ndege ulioachwa na vita, njia ya Lanet,
magari saba, vumbi jeupe la magadi, mwavuli wa mabibi.
Kanuni zilipigiliwa misumari juu ya ubao.
Bakhtawar alisahau miwani, nikamsomea.
Ya tisa: *Gari likizimika, dereva atalisukuma peke yake.
Mtu mwingine akiligusa, limetoka.*
"Endelea," akasema. Nilikuwa nimenyamaza.

Mizunguko minane alikuwa wa nne.
Wa nne! Nilikuwa nimeanza kuwadharau watu.
Kisha, ng'ambo ya pili, sauti:
si mlio, ni kukosekana kwa mlio.
Mnyororo.

Alishuka. Akaweka bega.
Kutoka pale hadi kwenye bendera, mwinuko mdogo
ambao macho hayauoni, bega linauona.
Nikakimbia, nikafika, nikaweka mikono yangu nyuma.
Nikatembea kando ya gari nililolijenga
kama mgeni kwenye mazishi.

Lakini sauti haikuandikwa.
"Kushoto kidogo," nikasema. "Sasa. Sasa."
Halafu, sijui ilitoka wapi, wito wa genge la reli,
wa kunyanyulia taruma:
"Haaarambee!"
na ng'ambo ya kamba, wapagazi, mayaya, mapishi,
wote waliokatazwa kusogea, wakaitika:
"Eeeh!"
Bakhtawar akapiga chafya, gurudumu likaenda.
"Haaarambee!" "Eeeh!"
Msimamizi alifunua karatasi, akafunua tena,
akitafuta kanuni ya midomo.

Wa saba kati ya saba.
Daftari lao liliandika *B. Singh, kwa kusukuma.*

Usiku, nikinawa, maji yaliniuma.
Viganja vyangu, vile vilivyokaa mgongoni,
vilikuwa na alama nane za kucha.

Jumatatu asubuhi mwenye kinu alikuja na baiskeli
kudai mnyororo wake.
Tulimpa vipande viwili, na pole.
Njoro, alisema, watu wamepanga foleni na mahindi yao.
Tukawasha taa ya gesi, tukaanza kuunganisha.